Kinywa Kidogo cha Tasi

Leo nimepasua tasi, samaki mla majani ya baharini, na harufu ya utumbo wake, ya majani yaliyoanza kuchacha, ikanirudisha Jambiani, Unguja, kwenye shamba la mwani la bibi. Tasi ana utumbo mrefu kwa kuwa majani hayasagiki upesi. Ukichelewa kuutoa, nyama nayo hunuka.

Bamvua moja, maji yalipokupwa sana, tulikuta matawi mengi ya mwani yana weupe. Jirani akasema ni aisi-aisi, ugonjwa wa mwani. Bibi akanipa tawi.

"Bonyeza, mwanangu. Limelainika?"

"Hapana bibi, gumu."

Mwani ukiugua hulainika na kukatika penyewe palipo na weupe. Huu ulikuwa imara, umebanduliwa ngozi tu. Tukangoja maji yajae.

Yaliponifika kifuani nikavaa miwani, nikazamisha uso. Walitokea kwenye nyasi za bahari, tasi wadogo, hakuna aliyezidi urefu wa kidole, wote wameelekea upande mmoja. Tasi hana mdomo wa kukwangua mwamba kama pono; kinywa chake ni kidogo, meno safu moja, makali ya kukatia. Mmoja alisimama mbele ya tawi, akauma, akatikisa kichwa, akaacha doa jeupe. Kabla hajalimaliza akahamia jingine. Waliokuwa wakubwa kidogo walikata ncha, na hiyo ndiyo hasara yenyewe: mwani hukulia nchani, basi kamba iliyoliwa ncha hudumaa hata ukiiacha ipite zile wiki 6 za kawaida. Nilitazama mpaka baridi ikaniingia.

Tulivuna mapema. Mjomba akatega dema, mtego wa samaki, ukingoni, chambo mwani uleule. Bibi alinikataza kumshika tasi mkono mtupu: miiba 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo, 4 kwenye mapezi ya tumboni, yote ina sumu. Akikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili.

Majirani waling'oa nyasi kati ya vigingi vyao, tasi wadogo wakose pa kujificha. Bibi alikataa katakata. "Wanalelewa humo hawa. Tukizing'oa, mwakani dema litanasa nini?"

Kilo alizopungukiwa zilionekana kwenye mizani ya mnunuzi. Tasi waliokulia kwenye nyasi zake walinaswa kwenye dema la yeyote, wakiwemo hao majirani, na hakuna aliyemhesabia.