Jina kwenye fomu ya bima

Leo limefunguliwa faili la mirathi: nyumba moja, akaunti mbili, bima ya maisha. Familia ya kawaida kabisa.

Wosia upo, umesainiwa vizuri. Lakini fomu ya bima bado ina jina la mke wa kwanza wa marehemu, ambaye waliachana zamani, kwa wino uliofifia.

Katika nchi nyingi bima humlipa aliyeandikwa kwenye fomu, hata wosia ukisema vingine. Watoto wadogo wamebaki wakisubiri. Inauma sana.

Ukioa, ukiolewa, ukiachana au ukipata mtoto, kagua fomu zote. Kwenye wosia, taja mlezi wa watoto na msimamizi wa mirathi, na wa pili iwapo wa kwanza hataweza. Mashahidi wa wosia wasiwe warithi.

Ninyi fomu zenu mlizikagua lini?