Rungu, bluu ya kufulia na Mawenzi aliyehama: nilivyojifunza kuuchora mlima

Nianze na aliyeniudhi. Nilipokuwa na miezi kama minane tangu nianze kupaka rangi, nilibeba picha tatu nikazipeleka kwa mchoraji mmoja mwenye kibanda chake mjini, jina lake nalihifadhi. Akazitazama kama mtu anayetazama nyanya zilizolala. Akauliza, "Umesoma wapi?" Nikamwambia darasa la saba, Singida. "Hiyo siiulizi. Sanaa umesomea wapi?" Nikasema sijasomea. Akanirudishia picha zangu. "Mandhari ni hesabu, bwana mdogo. Bila chuo utamaliza rangi bure. Ila kama unataka kula, weka tembo."

Ushauri wa kwanza ulinichoma. Wa pili niliufuata, na ndio ulionitia aibu. Nitafika huko.

Mimi ni mlinzi. Nalinda jengo la ghorofa nne hapa Moshi, zamu ya usiku, huu mwaka wa tisa. Watu wanaidharau kazi hii, lakini ina kitu ambacho hata mwenye jengo hana. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijakabidhi lindo, napanda juu kwenye matangi ya maji kukagua, na Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, yuko pale mbele yangu mtupu kabisa, hana wingu. Ikifika saa tatu au saa nne ameshajifunika, na wageni waliotoka nchi za mbali wanakunywa chai wakiuliza mlima uko wapi. Jioni huenda akachungulia kidogo. Mwezi wa sita na wa saba usiseme, wiki nzima inapita hujaona hata kitako chake.

Nilianza kwa kalamu ya biki, kwenye kitabu cha matukio. Saa nne usiku, hali shwari. Saa nane, hali shwari. Saa kumi na mbili, Kibo. Supavaiza alipokuja kukagua akakuta kurasa kumi na moja za mlima na moja ya mbwa wa jirani. Nikapewa barua ya onyo. Barua yenyewe ilikuwa nyeupe upande wa nyuma, nikachora na hapo.

Sasa, michoro ile yote ilikuwa na kosa moja ambalo sikuliona karibu mwaka mzima. Nilikuwa nauchora mlima kama chungu kilichopinduliwa, kuta zimesimama. Ndivyo ulivyokaa kichwani mwangu: mita 5,895, hakuna mrefu zaidi Afrika nzima, utauchoraje mfupi? Asubuhi moja nikanyoosha mkono wenye rungu kuuelekea, sijui hata kwa nini, nadhani usingizi. Nikafumba jicho moja. Nikalisimamisha rungu, ncha ikagusa theluji, kidole gumba nikakiweka pale miti inapoanzia. Kipande kifupi tu, kama nusu ya kiganja. Nikakilaza kipande kile kile kupima upana. Mara moja, mara mbili, tatu, nne, nikafika mara saba na mteremko bado unakwenda zake Machame. Nilikaa chini. Mwaka mzima nilikuwa nachora mlima wa kichwani kwangu, na wa kweli upo pale kila asubuhi unaningoja.

Tangu siku hiyo napima kila kitu kwa rungu. Mkono unyooke kabisa, maana ukikunja kiwiko vipimo vyote vinakudanganya. Mwenzangu wa zamu ya mchana alinikuta siku moja nikiwa hivyo, jicho moja nimefumba, akauliza, "Unamtisha nani huko?"

Kitu kingine ni ganda la kiberiti. Toa njiti, toa kile kidroo, chungulia katikati. Dunia yote inakatika inakuwa picha moja, na unajua wapi pa kuanzia na wapi pa kuishia. Bei yake unaijua.

Kanvasi nilishona mwenyewe, maana za dukani ni bei ya mbuzi. Kitambaa cha marekani nilinunua mita kadhaa, elfu kumi na kitu nadhani, na mbao nikaomba mabaki kwa seremala jirani. Hakuniambia ni mbichi, nami sikuuliza. Masika ilipoingia fremu zikaanza kujipinda moja moja. Ukiilaza picha mezani inacheza kama meza ya mgahawa. Ukiitundika, kona moja inakuja mbele kukusalimia. Na hiyo haikuwa mbaya kuliko rangi. Nilikuwa napaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kitambaa kikavu, kitambaa kikainywa yote, na kwa nyuma kukatokea madoa ya mafuta kama gazeti lililofungiwa maandazi. Picha sita ziliishia hivyo. Mama watoto alizitumia kufunikia kuku. Dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao ikichanganywa na maji, unapaka kwanza, inakauka, ndipo unakuja na rangi nyeupe ya maji ile ya ukutani mara mbili, na msasa laini. Mengine yanajulikana.

Rangi nazo zina hadithi yake. Kijana mmoja aliniapia kwamba bila boksi la tyubu 24 siendi popote. Nikanunua, laki na ushee, mshahara wangu unaujua mwenyewe ukoje. Katika zile 24 nilitumia nne. Kijani ya tyubu ukiipaka kama ilivyo, migomba inakuwa kama jezi ya timu. Mgomba wa kweli una njano na bluu ndani yake, na ukitaka utulie lazima uuonjeshe nyekundu kidogo, ncha ya brashi tu. Nyeusi sijainunua tena mpaka leo.

Ila bluu iliniishia haraka, kwa sababu huku bluu iko kila mahali. Msitu wa mlimani ni kijani, lakini kwa kuwa kati yako na msitu kuna hewa ya kilomita nyingi, unauona bluu. Kila safu ya nyuma unaongeza bluu na nyeupe kidogo, na picha inarudi nyuma yenyewe. Sasa bluu imekwisha, tarehe ya mshahara iko mbali, nimekaa uani nimenuna, mama watoto anafua mashati ya shule. Akachovya bluu ya kufulia kwenye beseni. Nikaliangalia lile beseni. Nikaangalia mlima. Nikaangalia beseni tena.

Ndiyo, ile ile ya unga, ambayo wazee walikuwa wanatia hata kwenye chokaa ya ukutani. Nikasaga juu ya kioo kilichovunjika kwa mgongo wa kijiko mpaka ikaacha kukwaruza, nikachanganya na gundi ya mbao, nikapaka. Lo! Nilikuja kusoma baadaye kwamba bluu ya unga ya kufulia kwa asili ndiyo ultramarini yenyewe. Zamani wachoraji wa Ulaya waliipata kwa kusaga jiwe kutoka Afghanistan, kwa bei ya kutisha, mpaka miaka ya 1820 Wafaransa na Wajerumani walipojua kuitengeneza kiwandani. Mimi naipata kwa mangi pale kona kwa mia kadhaa. Ya chupa, ile ya majimaji, achana nayo, yangu ilipauka kabla ya mwaka. Na ile ya unga usiiweke karibu na ndimu, tindikali inaiua. Rangi ya udongo nikaichukua kwenye redi oksaidi ile ya sakafu. Ukichanganya hivyo viwili na nyeupe kidogo unapata kivuli chenyewe cha Mawenzi, kile kilele cha pili kilicho jirani na Kibo, wala hutafuti zaidi. Mashati ya shule yalikuwa ya njano muhula mzima. Nilisemwa.

Haya, tembo.

Nilichoka kuwa na picha zisizonunuliwa, nikakumbuka yule bwana wa kibandani. Kwenye kibanda chetu cha walinzi kulikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, picha nzuri kweli, Kilimanjaro nyuma na tembo watano mbele. Nikanakili mlima, nikanakili tembo, halafu ili ionekane ni ya huku kwetu nikaweka migomba chini, na njia ya udongo. Wiki tatu nilifanya kazi ile. Nilijiona nimefika. Nikaipeleka kwa mwenye mgahawa mmoja anayeuza mbege, akakubali kuitundika, ikiuzwa tugawane.

Siku ya pili napita, kuna mzee ameketi chini ya picha na kata yake ya mbege, wenyewe wanamwita Meku. Nikamwamkia. Akaitika, akanyoosha kidole ukutani.

"Fundi wa hii ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikaa wapi ulipoichora?"

Nikajikaza. "Upande wa Uru hivi."

"Uru." Akanywa kidogo. "Na Mawenzi amehamia kushoto lini? Ameoa Machame?"

Mgahawa mzima ukageuka. Sikuwa na jibu. Ukiwa Moshi Mawenzi yuko kulia kwako, mashariki, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona hapo kila asubuhi ya Mungu. Ile picha ya kalenda ilipigwa Amboseli, Kenya, nyuma ya mlima, na ukiwa huko kila kitu kinageuka. Nilikuwa nimechukua mlima wa Wakenya nikaupandia migomba ya Uru.

"Na hawa tembo," akaendelea, hana haraka, "wanakula migomba ya nani? Mwenyewe ana habari?"

Watu walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. Nilitaka kuondoka, Meku akanivutia kiti akanihadithia ile hadithi ya Wachaga, kwamba Mawenzi alikuwa kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba moto, unazimika, anarudi tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana mpaka leo kichwa chake kina mapengo vile na Kibo kichwa laini. "Alipigwa akiwa kulia," akasema. "Mwache hapo hapo."

Na nikwambie jambo la kuudhi kuliko yote. Picha ile ilinunuliwa baada ya wiki mbili. Mgeni, na pesa nzuri, zaidi ya zote nilizowahi kuuza hadi wakati ule. Sikumwambia lolote kuhusu Mawenzi.

Lakini tembo sikuchora tena. Siku za mapumziko nikawa napanda baiskeli nateremka Mabogini kwenye mpunga, maana ukiwa kule chini unauona mlima wote na upana wake, na majaruba yakijaa maji unaupata mara mbili. Siku ya kwanza nimesimama tutani, rungu mkononi, jicho nimefumba, napima. Akaja bibi mmoja na jembe, nyuma yake vijana wawili. "Mwanangu, nani amekutuma kupima mashamba yetu?" Kueleza kwamba napima mlima kulifanya mambo yawe mabaya zaidi, walidhani nawadhihaki. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na kipande cha hadibodi na rangi. Nikamchora palepale akiwa ameinama kwenye mpunga, kitone tu cha kanga nyekundu, hakizidi punje ya maharage. Akakiangalia sana. "Huyu ni mimi?" Nikasema ndiye. "Mbona mdogo hivi?" Na kweli, nilipotazama, kile kitone kilikuwa kimeufanya mlima kuwa mkubwa kuliko picha zangu zote za nyuma, bila mimi kuugusa mlima. Sasa hivi siachi kuweka mtu, hata kama ni kitone.

Kosa jingine nililolifanya Mabogini ni kuanza picha asubuhi na kuimalizia jioni. Asubuhi jua linampiga Kibo kutoka kulia, jioni kutoka kushoto. Nikapata mlima wenye majua mawili. Siku hizi nakaa saa moja na nusu basi, naondoka, narudi kesho saa ile ile. Na theluji si nyeupe. Jua likichomoza ni rangi ya papai bivu, kwenye kivuli ni bluu. Nyeupe tupu naiweka mwisho, sehemu mbili tatu. Kuna wanaolalamika kwamba naiweka kidogo mno, wamezoea kadi za zamani. Nawaambia wapande juu ya matangi waone. Tangu mwaka 1912 mpaka 2011 barafu ile ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, nami nachora iliyobaki.

Wenye chuo sina ugomvi nao. Bagamoyo wanafundisha, na kama ningekuwa na ada ningekwenda. Ninachokataa ni mtu kukuuliza cheti kabla hajaangalia picha. Edward Tingatinga alianza na hadibodi na rangi za baiskeli, na waliochora kwenye miamba ya Kolo kule Kondoa hatujui hata majina yao.

Mwaka jana muuguzi mmoja aliyehamishiwa Mtwara alinunua picha yangu ya mawingu tupu, mlima hauonekani kabisa, akasema ndivyo alivyouona kila siku akienda kazini. Nilifurahi kuliko ile ya tembo, ingawa pesa ilikuwa robo.

Picha yangu ya karibuni niliichora Uru kweli, siyo Uru ya uongo. Nikambebea Meku kwenye mgahawa ule ule kabla haijakauka vizuri. Akaangalia Mawenzi: kulia. Akaangalia migomba, akahesabu mikungu. Akaangalia njia.

"Hapa ni kwa yule mwalimu mstaafu, ile kona."

"Hapo hapo, mzee."

"Nguzo ya umeme iko wapi?"

Nilikuwa nimeiacha kwa makusudi, niliona inaharibu. Kesho yake nikatoka lindoni, nikapanda nayo Uru, nikaiweka nguzo. Imeinama kidogo kushoto, kama ilivyo.