Kalibu, udongo na bakuli za Warumi

Leo nimeshinda na kalibu tu, yaani umbo lenye shimo la kukandamizia udongo upate sura. Nimeichonga kwenye jipsamu, ile ile ambayo mafundi wanamwagia urembo wa dari, nikajaza ndani vimistari na majani madogo madogo, halafu udongo nikaukandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki. Ninachokipenda ni kule kusubiri. Jipsamu inafyonza maji, udongo unasinyaa taratibu, mara unaona ufa mwembamba umetokea kati ya ukingo na kalibu, hapo ujue umeachia wenyewe, ukiuvuta kabla unang'oa maua yote.

Na Warumi walikuwa wanafanya hivi hivi miaka 2,000 iliyopita aisee. Kule Arezzo, Italia, na baadaye La Graufesenque kusini mwa Ufaransa, kalibu yenyewe ilikuwa ya udongo, wanaifinyanga kwenye gurudumu kama bakuli nene, ikiwa bado mbichi wanagandamiza mihuri kwa ndani, sungura, majani, ndege, halafu wanaichoma bila kuipaka kitu ili iendelee kunywa maji. Muhuri umechongwa ukiwa umeinuka, kwenye kalibu unaacha shimo, kwenye bakuli pambo linatoka limeinuka tena.

Ila kwangu mimi siri kubwa iko kwenye ule wekundu unaong'aa wa bakuli zao. Sio glezi, ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya vyungu. Ni uji wa udongo laini mno, wanaukoroga kwenye maji mengi, chembe nzito zinazama, wanachota ule wa juu tu na ndio wanaochovyea bakuli. Glezi nzito inajaza vimistari na kazi yote ya kuchonga inapotea, lakini uji ule ni mwembamba kiasi kwamba hata unyoya wa ndege unabaki unasomeka.

Pale Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, walifukua kasha la bakuli 90 za La Graufesenque pamoja na taa 37, mzigo ulikuwa haujaanza hata kutumika Vesuvius ilipolipuka mwaka 79. Baadhi ya bakuli zina muhuri wa mfinyanzi anaitwa Mommo. Nafurahi sana kwamba jina lake limebaki, maana kazi ya kalibu watu wanaidharau, wanasema ni kunakili tu, wakati kila mstari kuna mtu aliukalia.

Usiku huu naloweka udongo mwekundu kwenye ndoo. Kesho nachota wa juu nijaribu.