Doa jeusi si lazima liwe saratani: siku yangu kwenye chumba cha eksirei, Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Katuba, saa moja nimeshawasha mashine. Wengi wanadhani kazi ya mpiga eksirei ni kubonyeza kitufe na kusema "usipumue".

Hadi saa tano ni vifua, mikono iliyovunjika, na mtoto aliyemeza sarafu.

Saa tano na robo anaingia kijana na baba yake, mkononi ana bahasha ya picha za mifupa zilizopigwa Afrika Kusini, maana hospitali yetu haina kamera ya aina ile. Papa ana saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, na ameanza sindano za kushusha homoni miezi miwili iliyopita. Daktari ametaka eksirei za mbavu, mgongo na nyonga.

"Dokta, madoa yameongezeka! Sindano hazifanyi kazi. Nimeuza kiwanja kwa ajili ya nini?"

Namwambia mimi si daktari. Hasikii. Anaipiga meza yangu, foleni inanung'unika mlangoni, umeme unakatika, tunangoja jenereta. Namweleza pole pole: picha hizi hupigwa kwa dawa ya teknesiamu, yenye mionzi, inayochomwa mshipani; hukimbilia popote mfupa unapojijenga, na hapo panawaka, yaani panatokea doa jeusi. Dawa hiyo haiijui saratani yenyewe. Goti lenye baridi yabisi litawaka, mfupa unaounga utawaka. Tena kuna saratani ya uboho inayokula mfupa bila mfupa kujijenga, na picha ikatoka safi.

Kumlaza mzee mwenye maumivu kwenye meza ngumu kunataka subira. Naweka mto chini ya magoti, namgeuza kidogo kidogo, naye ananishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Kwenye picha yake madoa matatu ya mbavuni yamepangana kama vifungo vya shati.

"Papa, uliwahi kuanguka?"

"Nilianguka bafuni, kabla ya kusafiri."

Kijana anamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Eksirei inaonyesha mbavu tatu zilizovunjika, zinaunga. Swali lile moja ndilo kazi yangu, na ninajivunia.

Linabaki doa jipya la mgongoni. Sijui ilikuwa saa ngapi daktari alipofika. Miguu ilikuwa imeshaniuma, bukari yangu, yaani ugali, imepoa. Akatuonyesha kwenye eksirei mfupa uliokuwa umeliwa sasa unaziba, weupe wake umekolea. Maumivu yamepungua, PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka sana. Katika miezi ya mwanzo ya tiba, mfupa unaopona huweza kuwaka kuliko ulipokuwa mgonjwa, hata vidoa vilivyokuwa havionekani vikajitokeza. Kwa hiyo sindano zinaendelea, na picha itarudiwa. Picha hiyo ikileta madoa mengine mapya tena, hapo ndipo tiba itafikiriwa upya. Kijana aliomba yote yaandikwe kwenye karatasi, akamsomee mama yake.

Foleni iliisha giza limeingia. Kabla ya kufunga nilimpigia mama mmoja wa Kamalondo mwenye saratani ya matiti, anayesafiri wiki ijayo kwenda kupigwa picha hiyo hiyo. Nimemwambia abebe eksirei zake zote za zamani, aeleze kila alipowahi kuanguka hata kama hawatamuuliza, anywe maji mengi baada ya sindano, na akojoe kabla ya kupanda mezani, kwa sababu dawa hutoka kwa mkojo, na kibofu kikijaa huficha mifupa ya nyonga.