Kilele cha mvinje, chelewa na leso kuukuu

Kila Desemba tukitaka kupamba nyumba kwa Krismasi hupewa ushauri uleule: nunua mti wa plastiki, utandaze pamba iwe theluji, ubandike karatasi za rangi ukutani kwa selotepu. Kwa Mombasa huko ni kutupa pesa. Kaskazi imeshaingia, hewa ina unyevu na chumvi, na joto halipungui hata usiku. Selotepu huachia ukuta haraka. Karatasi za krepu hulegea, na zikigusa ukuta wenye unyevu huacha doa jekundu linalotaka rangi mpya. Pamba hushika vumbi, na karibu na taa inayopata moto ni hatari tupu. Mimi hupamba kwa vitu vya pwani vilivyozoea hewa hii. Sebule na baraza haijanizidi elfu moja na kitu, taa zikiwemo.

Mti wangu ni mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano. Tawi la ubavuni silitaki, kwa sababu majani yake huelemea upande mmoja. Nataka kilele. Wenye mashamba ya mvinje Kilifi na Kwale hukata miti hiyo kuuza nguzo na fito za kujengea. Kilele, chenye umbo zuri la pia, hubaki shambani kama kuni. Cha mita moja na nusu hupata kwa mia moja au mia mbili, ukiwahi kabla hakijakatwakatwa. Kabla ya kukipakia, kizungushie leso kuanzia shinani kwenda juu, matawi yakunjike kuelekea kileleni. Ukianzia juu, utayavunja.

Watu watakuambia ukisimamishe kwenye ndoo ya mchanga wa pwani. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, na siku ya nne sakafu ilijaa vijiti. Mvinje huvumilia chumvi ukiwa na mizizi yake ardhini. Shina lililokatwa halina kinga hiyo. Mchanga mkavu hauna maji ya kulinywesha, na ukiumwagia maji, chumvi iliyomo inazuia shina kuyanywa. Zaidi ya hapo, mchanga huziba pale lilipokatwa. Sasa natumia kokoto. Weka ndoo ya rangi ya lita 20 mahali pake kwanza, maana ikishajaa huibebi. Kata upya sentimita tatu za mwisho za shina, lisimamishe mara moja, jaza kokoto hadi robo tatu, kisha mimina maji yafike juu ya kokoto. Siku mbili za mwanzo hunywa sana, hivyo ongeza asubuhi na jioni. Kila baada ya siku tatu mwaga maji yote utie mengine, na mdomo wa ndoo uufunike kwa kitambaa, la sivyo utafuga mbu ndani ya nyumba. Kamba moja kutoka katikati ya shina hadi nondo za dirisha inatosha kuuzuia mti usiangushwe na upepo. Nikiukata tarehe 22, hufika mwaka mpya ungali kijani.

Nyota ndiyo ninayojivunia. Inatoka kwenye ufagio wa chelewa, yaani njiti za makuti ya mnazi, mpya, ambao chelewa zake bado zinapinda. Chagua 15 zilizonyooka, zikate sentimita 40 kila moja, uziloweke nusu saa. Zipange tatu tatu upate mafungu matano, na hapa ndipo wengi wanapokosea: chelewa ina upande mnene na upande mwembamba. Ukiziweka zote zikielekea upande mmoja, nyota itaota mikono minene huku na myembamba kule, na itaning'inia kichwa upande. Katika kila fungu geuza moja ielekee kinyume.

Funga mafungu mawili ncha kwa ncha, yasimame kama paa la nyumba. Kutoka mguu wa kushoto funga la tatu lipande kulia. Kutoka hapo la nne lilale kwenda kushoto, na la tano lishuke hadi mguu wa kulia. Yanapopishana, pitisha moja juu na linalofuata chini, yakamatane yenyewe. Siku hiyo funga ncha tano tu. Chelewa mbichi kwa maji huwa imevimba. Ikikauka husinyaa, na kila fundo ulilokaza hulegea. Nilipoteza nyota mbili kabla ya kugundua hilo. Iache kivulini siku nzima, halafu kaza ncha upya na ufunge makutano matano ya katikati. Tumia uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Waya mwembamba hushika kutu na kudondosha madoa kwenye chokaa.

Mikono ya nyota naizungushia vipande vya leso kuukuu ya kisutu, upana wa vidole viwili, nikiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Nyekundu na nyeupe yake inatosha, na ule weusi kidogo huzikoleza. Usizibe katikati ya nyota kwa kitambaa. Kaskazi ikivuma itageuka tanga na kung'oa msumari.

Vikoko vya mvinje, vile vitunda vyake vigumu, huvifunga kwa uzi vikawa shada, lakini kwanza vianike juani siku mbili kwenye sinia na uvikung'ute. Vikikauka hufunguka na kumwaga mbegu zenye mabawa, na ukivitundika vibichi utazifagia mwezi mzima. Machungwa yaliyochomwa karafuu za soko la Marikiti hunukia vizuri, ila yatundike penye upepo. Kwenye bakuli huota koga mapema.

Taa ni za LED peke yake. Za zamani hupata joto na kukausha mvinje. Waombe dukani waziwashe mbele yako, na uzitikise, kwa kuwa nyingi huzima zikitikiswa. Barazani natumia za betri, siburuzi waya wa stima nje. Chumvi hula springi za betri: zipake mafuta ya mgando, uyafute ibaki tabaka nyembamba tu, na utoe betri sikukuu zikiisha.

Baluni pulizia robo tatu tu na uzifunge kivulini. Hewa iliyomo hutanuka kwa joto, na ile iliyojazwa hadi kukaza haifiki saa sita mchana.

Nyota haitupwi. Izungushie gazeti na uitundike ndani ya kabati, usiifunge kwa plastiki, maana unyevu ukikosa pa kutokea chelewa huota ukungu mweusi. Kokoto zioshe uzirudishe, na shina la mvinje likikauka ni kuni nzuri sana.