Sampuli iliyoondolewa

Nimerudi kutoka Denver Jumapili usiku, na begi bado liko mlangoni. Mkutano ulikwenda vizuri, mume wangu amefaulu mtihani wa uraia, mkataba wangu umeongezwa. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo kuna mama mmoja hanitoki kichwani.

Mlioanza nami zamani mnaijua kazi yangu: napima 7-dehidrokolesteroli, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa kolesteroli, katika damu za watoto wenye ugonjwa wa Smith-Lemli-Opitz. Kwetu Tanga ukitaja kolesteroli, mtu anafikiria chipsi na presha, kitu cha kupunguzwa. Watoto hawa miili yao inashindwa kuitengeneza ya kutosha. Jeni la DHCR7 wamelirithi na kasoro kwa baba na kwa mama, hatua ya mwisho inakwama, malighafi inarundikana. Ndiyo maana wengi wao hulishwa viini vya mayai. Lakini ubongo hujitengenezea kolesteroli yake, ile ya kwenye damu haiupiti ukuta wake, na hapo ndipo karibu kila mzungumzaji alipokwama.

Nilikuwa nimesimama pale mkutanoni mbele ya bango langu la utafiti. Watafiti hutazama mchoro, huuliza mashine gani, huenda zao. Mama huyu alianzia chini kabisa, kwenye maandishi madogo niliyoyaweka nikijua hakuna atakayeyasoma: sampuli moja imeondolewa.

"Aliyeondolewa ni nani?"

"Si mtu," nikamwambia. "Ni sampuli tu."

Si mtu! Nimemwambia hivyo mama aliyemshika mwanawe mkono damu ikitolewa. Akaitikia kwa kichwa, akasema boksi lao la damu la Februari lilichelewa njiani kwa sababu ya theluji. Nami nililikumbuka boksi moja la Februari: barafu kavu imekwisha, kichupa kimeyeyuka. Kitu hiki kikipata joto na hewa huharibika upesi, na namba ya uongo ingewaharibia watoto wengine wote kwenye mchoro. Kuiondoa ilikuwa haki. Ningemweleza kwa dakika mbili. Badala yake nikamwambia asante kwa kupita.

Usiku ule hotelini nilijibu upya, na upya tena, nikiangalia dari. Aliuliza nani, mimi nikajibu nini.

Asubuhi nikamtafuta kwenye chumba walichotengewa watoto. Mwanawe ana miaka tisa. Alikuwa amevaa mikono mirefu na kofia pana, tayari kutoka nje, maana jua huwaunguza upesi. Nikamweleza mama yake yote: majina sinayo, ni ya nani siwezi kujua, lakini iliyoondolewa ilikuja Februari na barafu imekwisha.

"Basi ni yake," akasema, na uso wake ukafunguka.

Nilikuwa nimejiandaa kupokea hasira. Kumbe naye hakulala. Usiku kucha aliamini kwamba namba ya mwanawe ilikuwa mbaya mno, tukaona bora tuifiche.

"Tutatoa nyingine," akasema. "Safari hii nitaileta mwenyewe kwa gari."

Mtoto haongei. Alikikamata kitambulisho changu kilichoning'inia shingoni, akakigeuza huku na huku, akakinusa, akakibana kifuani. Nikakivua nikamwachia. Nikainama kumfunga kamba za kiatu, akaweka mkono wake kichwani pangu akautuliza hapo, mpaka mama yake akaita lifti imefika. Tangu hapo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Ila sasa hivi kaka ametuma picha kutoka nyumbani. Ule mwembe wa uani umelala zaidi, tawi kubwa liko juu kabisa ya paa la jiko, na masika yameshaanza. Mama hataki ukatwe kwa sababu baba ndiye aliyeupanda. Na analala chumba kile kile kilichopakana na jiko.