Joto la Dar usiku linatoka ukutani

Jamani hili joto la Dar la Desemba mpaka Machi wote tunalisingizia jua, sasa jua likishazama mbona halipungui? Huku Sinza saa nne usiku ukigusa ukuta uliopigwa na jua la jioni bado una moto, feni inazungusha hewa ileile, na mwenzako wa Kisarawe anakwambia anatafuta shuka. Sawa, kule ni juu kidogo, ila pia wana msitu.

Zege, tofali za simenti na lami zinameza joto mchana kutwa alafu zinalitoa taratibu usiku. Ardhi yenye miti inajipoza, maana maji yakigeuka mvuke kwenye majani na udongo yanaondoka na joto. Sisi tumeiziba. Kariakoo ndo balaa, palikuwa na nyumba za Kiswahili za chini na uwani nyuma, leo maghorofa yamebanana, upepo haupiti, joto linagonga ukuta huu linahamia ule, na viyoyozi kibao vinapuliza moto nje kwa wapita njia.

Wala si jambo geni, London mwanzoni mwa miaka ya 1800 mtu anaitwa Luke Howard alilinganisha vipimo vya mjini na vya nje ya mji, akakuta usiku mjini joto limezidi kwa nyuzi kama 2, mchana tofauti ndogo sana. Na hapo hakuna gari wala kiyoyozi! Dar yetu imetoka watu kama 270,000 sensa ya 1967 mpaka zaidi ya milioni 5.3 ile ya 2022, fikiria simenti iliyomwagwa hapo katikati.

Kinachoniuma ni hii tabia ya kukata mwembe ili uwanja wote uwekwe pevingi, eti usafi, wakati wanaoumia ni wapangaji wa chumba kimoja chenye kadirisha kadogo, mtoto anakesha analia na vipele vya joto. Bati angalau linapoa haraka jua likizama, kuta hazipoi.

Kwa hiyo kama unajenga saivi, bakiza udongo hata kipande, panda mwarobaini au mkungu upande wa magharibi, ukuta ule ndo unaochomwa kuanzia saa tisa mpaka magharibi, na ukishindwa kabisa basi upake rangi nyeupe.